Zege la pwani: namna ya kumwaga slabu ambayo nondo zake hazitaliwa na kutu

Ukipita mitaa ya zamani iliyo karibu na bahari, iwe Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa, inua macho utazame chini ya roshani za ghorofa. Mara nyingi utaona pamebanduka bamba la zege na nondo zimebaki wazi, nyekundu kwa kutu, zimekonda. Slabu ile, yaani sakafu ile ya zege, haikuwa dhaifu siku ilipomwagwa. Ilibeba watu, matangi ya maji na harusi kadhaa. Kilichoishinda ni miaka.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejenga nyumba ya kawaida, ya chini au ya ghorofa moja, si mbali na bahari, na zege analichanganya palepale saiti. Idadi ya nondo, kina cha bimu na upana wa msingi ni kazi ya mhandisi; usivitafute humu. Mimi nazungumzia yale yanayotokea kati ya mchoro wake na kile kinachobaki juu ya mirunda, ile miti ya kuegemeza zege bichi. Karibu kila kosa nililoliona saiti limehusu kitu kimoja, maji. Yanazidi siku ya kumwaga, kisha yanakosekana wiki inayofuata.

Kabla ya yote: maji yanafanya nini ndani ya zege

Wengi husema zege "linakauka". Hapana. Saruji inaganda kwa sababu inayala maji, inaungana nayo na kuwa jiwe jipya. Kwa kazi hiyo inahitaji maji yenye uzito wa karibu robo ya uzito wake tu, yaani mfuko wa kilo 50 unakula lita 12 hivi. Maji mengine yote tunayaweka ili zege lisogee, liingie kwenye kona na kuzizunguka nondo. Yakiondoka baadaye yanaacha vinjia vyembamba visivyoonekana kwa macho.

Mmarekani Duff Abrams alilionyesha jambo hili Chicago mwaka 1918: kwa vifaa vilevile, nguvu ya zege inafuata uwiano wa maji na saruji. Lita 25 kwa mfuko ni uwiano wa 0.5. Kwenye saiti nyingi fundi anamimina ndoo mbili za lita 20 kwa mfuko mmoja bila hata kupepesa macho. Hiyo ni 0.8, na nguvu inashuka hadi karibu nusu. Umelipia mfuko mzima, umepata nusu.

Kwa mtu wa pwani hasara ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Zege jipya lina ukali wa chokaa, pH yake (kipimo cha ukali huo) iko juu ya 12, na ukali huo unaivisha nondo utando mwembamba unaozuia kutu. Adui wa utando huo ni wawili. Hewa ukaa inaingia kwa vile vinjia na kupooza ukali hadi pH inashuka chini ya 9. Chumvi ya bahari yenyewe haisubiri hayo: ikiifikia nondo inatoboa utando hata kama zege bado ni kali. Kutu ikianza inataka nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa, na zege, ambalo halijui kuvutika, linapasuka. Ndilo lile bamba lililobanduka chini ya roshani.

Kuna hesabu moja ya kukariri. Hewa ukaa haitembei kwa kasi ileile. Inapunguza mwendo kadiri inavyozama, na umbali wake unafuata kipeuo cha pili cha muda: ili ufike mara mbili, unahitaji muda mara nne. Kwa hiyo ukipunguza kwa nusu unene wa zege linalofunika nondo, miaka ya kinga haibaki nusu, inabaki robo. Sentimita moja na nusu uliyoipoteza kwa kukanyaga nondo siku ya kumwaga inaweza kuwa miaka 30.

(Utaambiwa: mbona misikiti ya Kilwa Kisiwani imesimama tangu enzi za masultani, imejengwa kwa matumbawe na chokaa, tena ufukweni kabisa? Ni kweli. Lakini kuta zile hazina chuma ndani. Hakuna cha kuota kutu. Ukiingiza nondo umenunua nguvu ya kuvutwa, na pamoja nayo umenunua kazi ya kuilinda.)

Kuchagua vifaa

Saruji. Soma mfuko. Namba 32.5 au 42.5 ni nguvu ya saruji hiyo siku ya 28, kwa niutoni kwa kila milimita ya mraba. Ya 32.5 inafaa tofali, plasta na kujengea. Slabu, bimu na nguzo zipe 42.5. Ikiwa imechanganywa na pozolana, yaani majivu ya volkano, ni nzuri zaidi kwa pwani kwa sababu inabana vinjia na kuichelewesha chumvi, ila inakomaa polepole na inadai kumwagiliwa siku nyingi zaidi. Nunua karibu na siku ya kazi. Panga mifuko juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, isizidi kumi kwenda juu. Ikifika miezi mitatu, hasa kwa unyevu wa pwani, usiipeleke kwenye slabu. Ingiza mkono ndani ya mfuko: ukikuta madonge yasiyovunjika kwa vidole, itumie kwingine.

Mchanga. Hapa ndipo pwani inapotapeliwa. Mchanga wa ufukweni ni msafi kwa macho, mweupe, na una chumvi. Usiuguse kwa zege lenye nondo, hata ukiambiwa umenyeshewa mvua mbili. Chukua wa mto au wa machimbo ya bara. Kuujaribu, chukua chupa ya maji inayoonyesha ndani, tia mchanga hadi nusu, ongeza maji yenye kijiko cha chumvi (chumvi hii ni ya kusaidia udongo utuame, haiendi kwenye zege), tikisa vizuri, acha saa tatu. Tope litakaa juu ya mchanga kama utando. Likizidi sehemu 8 kwa 100 za kimo cha mchanga, mrudishie dereva mzigo wake.

Kokoto. Ngumu, zenye pembe, za milimita 20 zikichanganyika na ndogo za 10. Za machimbo ya Lugoba, upande wa Chalinze, zinapendwa Dar kwa sababu ni za mwamba mgumu. Zikija na vumbi jingi, zioshe. Kokoto za matumbawe zina vinyweleo, zinakunywa maji na huenda zikaja na chumvi yake. Ziache ziende kwenye njia ya bustani.

Maji. Kama huwezi kuyapikia chai, usiyachanganyie zege. Visima vingi vya pwani vina maji ya munyu, na fundi atakwambia "saruji haibagui". Saruji kweli haibagui. Nondo inabagua.

Resho, na boksi la kuipimia

Karibu na bahari naomba 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto, kwa ujazo) kwa slabu, bimu na nguzo, si 1:2:4 ya mazoea. Zege la kusafishia, lile tabaka jembamba la kusawazisha udongo chini ya msingi, hata 1:3:6 linatosha.

Acha kupima kwa toroli na makoleo; kila kibarua ana koleo lake na hasira zake. Mpe seremala kazi ya dakika 20: boksi la mbao lenye nafasi ya ndani ya sentimita 40 kwa 35, kimo 25. Hizo ni lita 35, sawa na ujazo wa mfuko mmoja wa saruji. Kwa kila mfuko, boksi moja na nusu la mchanga, maboksi matatu ya kokoto, yote yakisawazishwa juu kwa ubao.

Sasa maji. Lita 25 kwa mfuko ndiyo mwisho wako, na kama mchanga umelowa, punguza. Mchanga mbichi una maji yake: kwenye boksi moja na nusu, unyevu wa asilimia 5 tu ni lita 4 hivi ambazo tayari zimo. Halafu mchanga mbichi huvimba, boksi linajaa kabla ya mchanga kutosha. Baada ya mvua, basi, ongeza mchanga kama sehemu moja ya tano na uanze na lita 20 au 21 za maji. Chora alama kwenye ndoo kwa rangi. Ndoo isiyo na alama si kipimo.

Kujua utahitaji kiasi gani: slabu ya mita 10 kwa 8, unene sentimita 15, ni mita za ujazo 12. Resho hii inakula mifuko 8 kwa mita moja ya ujazo, hivyo mifuko 96, nunua 100. Mchanga mita za ujazo 5, kokoto 10, na cha kumwagika juu yake.

Saa nne asubuhi utasikia: "Bosi, zege gumu hili, tuongeze maji kidogo." Jibu lako liwe tayari. Zege likiwa zito kweli, kuna njia mbili halali: kilainishi cha zege kinachouzwa kwenye madumu, kikitiwa kwa kipimo kilichoandikwa, au kuongeza maji pamoja na saruji kwa uwiano uleule, lita moja kwa kilo mbili. Mpira wa maji uwe mikononi mwa mtu unayemwamini, na awe mkaidi.

Kuhakikisha, mwambie fundi wa bati akutengenezee koni iliyo wazi pande zote mbili: juu sentimita 10, chini 20, kimo 30. Ijaze kwa tabaka tatu, kila tabaka lisindilie mara 25 kwa kipande cha nondo, kisha inyanyue wima. Rundo likishuka sentimita 5 hadi 10, endelea. Likimwagika kama uji wa mgonjwa, mchanganyiko huo usipande juu.

Nondo zikae mahali pake

Pasipo na upepo wa bahari, slabu hufunikwa kwa sentimita 2 hadi 2.5 za zege chini ya nondo. Ufukweni dai 4, na kwa bimu na nguzo za nje 5. Kwenye msingi, 5 zikiwa juu ya zege la kusafishia, 7.5 zikigusa udongo. Mwambie mhandisi tangu mwanzo kwamba unajenga karibu na maji, kwa sababu kinga ikiongezeka bila unene wa slabu kuongezeka, nondo inasogea mahali pasipo na faida na slabu inapungua nguvu.

Kinga hiyo inashikwa na vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti. Vimwage wiki mbili kabla, kwa saruji na mchanga wenye resho kali, uvimwagilie maji, uviache viive. Usikubali vipande vya tofali, mawe au mbao. Tofali linavuta maji kama sifongo na kuyapeleka moja kwa moja kwenye chuma. Weka biskuti kila mita moja kwenda na kurudi, na kwa nondo nyembamba zibane zaidi. Ncha za waya wa kufungia zikunje kuelekea ndani, zisiguse mbao.

Wakati wa kumwaga, wabeba zege wapite juu ya mbao zilizowekwa kwa vigoda, wasikanyage nondo. Hili husahaulika kila mara. Nondo za juu kwenye roshani zikikanyagwa hadi chini, roshani imebaki bila nguvu yake, na utajua siku mirunda inatolewa.

Siku ya kumwaga

Slabu ya kwanza niliyosimamia peke yangu, upande wa Kigamboni, tulianza saa tano mchana, mwezi Julai, kusi inavuma. Kabla ya magharibi ilikuwa imechanika nyufa kama kiganja cha mzee. Nilimlaumu muuza saruji. Saruji haikuwa na kosa. Upepo ulikuwa unanyonya maji ya juu kwa kasi kuliko zege lilivyoweza kuyapandisha. Tangu hapo naanza alfajiri, kokoto zikiwa zimemwagiwa maji usiku na mbao zimelowa, na turubai la kuzuia upepo liko tayari upande wa bahari.

Mikisa izunguke dakika mbili kamili baada ya kila kitu kuingia. Zege likishapata maji, limalizwe ndani ya saa moja, na kwa jua kali dakika 45. Lililoanza kushika ukaliongeza maji ili lilainike ni la kutupa. Usilimwage kutoka juu zaidi ya mita moja na nusu, kokoto zitatangulia na uji utabaki nyuma. Kwenye nguzo utaona matokeo yake chini kabisa: mashimo kama sega la nyuki, mahali penye mzigo mkubwa kuliko pote.

Vaibreta, mashine ya kutikisa zege ili hewa itoke, ichomeke wima, kila baada ya sentimita 45 hivi, sekunde 5 hadi 15, mpaka mapovu yakome, kisha itolewe polepole ili shimo lijifunge. Isitumike kusukumia zege pembeni. Kila asilimia moja ya hewa iliyobaki ndani inaondoa kama asilimia 5 ya nguvu, hivyo kuikodi siku moja ni nafuu. Kama hakuna kabisa, basi mtarimbo na uvumilivu, na tabaka nyembamba.

Ikibidi kusimama, mvua imekuja au mikisa imekufa, usiishie ovyo juu ya bimu au karibu na nguzo. Weka ubao wima katikati ya chumba, malizia hapo. Kesho yake kwangua uso ule mpaka kokoto zionekane, osha, pakaa uji mzito wa saruji, ndipo uendelee.

Wiki ya kwanza, pale nyumba nyingi zinapopotea

Vibarua wameondoka, wali umeliwa, mwenye nyumba amepiga picha. Zege ndiyo kwanza limeanza kazi. Likiwa na maji linafikia kama theluthi mbili ya nguvu yake siku ya saba, na kuendelea hadi siku ya 28 na zaidi. Likikosa maji, saruji inasimama njiani na haiendelei vizuri tena hata ukilikumbuka wiki mbili baadaye. Ngozi ya juu ndiyo inayoathirika zaidi, na ngozi hiyo ndiyo kinga ya nondo. Ndiyo maana slabu isiyomwagiliwa inaweza kubeba mzigo vizuri kabisa na bado ikaoza mapema.

Kunyunyiza kwa mpira asubuhi na jioni hakutoshi. Saa sita mchana slabu imeshakauka, na kulowa na kukauka huko kunachosha zege. Mara tu uso unapovumilia kidole, jioni ileile, funika kwa nailoni. Asubuhi zungushia kingo za mchanga na saruji zenye kimo cha sentimita 5 na ujaze maji, slabu iwe bwawa. Hesabu siku 7 bila kuruka. Kwa saruji yenye pozolana siku 10 hadi 14. Nguzo na bimu zivishe magunia yaliyolowa, juu yake nailoni, funga kwa kamba. Nguzo ndizo zinazosahauliwa zaidi kwa sababu hazina pa kutuamisha maji.

Maji hayo nayo yawe matamu. Nimemwona mtu akinunua maji ya boza kwa kuchanganyia, kisha akamwagilia kwa maji ya kisima cha munyu wiki nzima. Alikuwa anaiogesha nyumba yake chumvi.

Mirunda, na kujua ulichopata

Mbao za pembeni za bimu na nguzo zinaweza kutoka baada ya siku moja au mbili. Chini ya slabu subiri siku 14, chini ya bimu 21, na roshani iliyoning'inia acha hadi 28, ukianza kutoa mirunda kutoka ncha ya nje kurudi ukutani. Seremala anayedai mbao zake anazitaka kwa kazi nyingine. Mlipe siku za ziada.

Siku ya kumwaga jaza michemraba sita ya sentimita 15, kutoka mizunguko tofauti ya mikisa, uiloweke majini kuanzia kesho yake. Mitatu ipeleke maabara ya vifaa vya ujenzi siku ya 7, mitatu siku ya 28. Kama mhandisi aliandika daraja la 25, yaani niutoni 25 kwa kila milimita ya mraba, kila mmoja unatakiwa kubeba kama tani 57 kabla haujavunjika. Ila kumbuka michemraba imelala kwenye pipa la maji, slabu yako imelala juani. Cheti kizuri hakisemi lolote kuhusu ulivyomwagilia.

Kama nyumba imeshaanza kumenyeka

Dalili ya kwanza ni alama ya kahawia, kisha ufa mrefu ulionyooka ukifuata mstari wa nondo. Gonga kwa nyundo ndogo: penye sauti ya debe tupu, zege limeshaachana na chuma. Kupiga plasta juu yake na kupaka rangi ni kulifunika jeraha bila kulisafisha. Utarudi baada ya misimu michache ya mvua.

Kazi yenyewe ni hii. Egemeza kwanza slabu au bimu kwa mirunda. Vunja zege lililolegea, na uendelee hadi sentimita 2 nyuma ya nondo, na kwa urefu mpaka ufikie chuma kisafi. Sugua kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, osha kwa maji matamu. Pima unene wa nondo: ya milimita 12 ikibaki 10 au chini ya hapo, mwite mhandisi aamue nondo ya kuongezea na urefu wa kuilaza juu ya ile ya zamani. Lowesha zege la zamani, pakaa uji mzito wa saruji, na kabla haujakauka jaza kwa saruji 42.5 na mchanga safi, moja kwa mbili na nusu, maji kidogo kabisa, ukikandamiza kwa nguvu tabaka kwa tabaka. Halafu gunia lililolowa, siku saba.